Nilifundisha walimu neno "amehama", sasa limemfikia mtoto wa jirani yangu

Admin, jina langu lifiche kabisa. Majirani wengi wa ploti yetu wanasoma ukurasa huu.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, naishi mtaa wa Tassia kwenye flati isiyo na lifti. Kazi yangu ni kusaidia kaunti kadhaa kuripoti vizuri maendeleo ya wanafunzi wenye ulemavu. Walimu wakikwama kwenye mfumo wa kompyuta wananipigia, au nawatafutia mtaalamu wa kuwafundisha. Kazi naipenda, na mdomo pia ninao, sikatai.

Sasa ule mfumo haukubali nafasi wazi. Mtoto asipoonekana muhula mzima lazima useme yuko wapi, na ukisema ameacha shule, utaulizwa maswali mpaka ujute. Mimi ndiye niliyewaambia walimu kwenye mafunzo, "Nyinyi wekeni amehama, mambo yaishe." Tukacheka. Ripoti zikawa safi, kaunti zikasifiwa, na mimi nikasifiwa.

Jirani yangu wa ghorofa ya tano, nitamwita Mama Achi, ana msichana wa miaka tisa asiyeweza kutembea. Kila asubuhi alikuwa anambeba mgongoni, ngazi zote hizo, mpaka shule yenye darasa la watoto kama yeye. Mwaka huu mgongo ukamkataa, Achi akakaa nyumbani muhula mzima. Juzi mama akapata nafuu, akambeba tena. Wakarudishwa getini. Waliambiwa mtoto alihama na nafasi yake imepewa mwingine.

Akaja kwangu na bakuli la mboga ya mrenda, maana anajua nashughulika na mambo ya hawa watoto. Akaniuliza, "Jirani, amehama akaenda wapi, na hata ngazi hawezi kushuka?"

Nilikuwa na jibu mdomoni. Nikamwambia, "Wacha niulizie." Na mrenda wake nikaula, Mungu anisamehe.

Nilimpigia mwalimu wa Achi. Akasema tu, "Madam, si ni wewe ulitufundisha hivyo?" Hakuwa hata na hasira, na hiyo ndiyo inaniuma zaidi.

Achi atarudishiwa nafasi tu nikikiri kwa maofisa wa kaunti kwamba hakuhama. Nikikiri, wataniuliza wale wengine wote "waliohama" wako wapi, na walimu walioniamini ndio watakaoitwa kwanza. Kazi nayo itaenda, na mimi ndiye ninayelisha nyumba hii. Nikinyamaza, Achi anabaki huko juu. Najichukia, sitawadanganya.

Jana nilipanda kurudisha bakuli. Nikamkuta Achi amevaa yunifomu, vitabu amevipanga kwa begi. Alisikia wakubwa wakisema amehama, naye akaamini. Akaniuliza huku akitabasamu, "Auntie, shule yangu mpya iko wapi?"

Mnaosoma hapa, nitukaneni mkitaka, lakini pia mnishauri. Huyu mtoto bado anangoja nimjibu. Nimwambie nini?