Wanne wa Kumbeba Mama

Watu wa jumuiya yetu ndogo ya kanisa, pale mtaani Mfaranyaki, waliacha kuja kusali kwetu mwaka ule ule mama alipopata kiharusi. Hakuna aliyetuaga. Jumuiya husali Jumamosi asubuhi, leo nyumba hii, wiki ijayo nyumba ya jirani, na zamu ilipotukaribia ikaturuka, ikatua nyumba ya pili kana kwamba kwetu ni kiwanja kitupu. Mara ya kwanza nikadhani wamesahau. Mara ya tatu nikajua, ni pipa langu.

Napika komoni. Sifichi, na sitaficha. Pombe ile ya kimea cha ulezi na unga wa mahindi ndiyo iliyonisomesha, na mama mwenyewe ndiye aliyenifundisha kuipika, enzi zile mafundi waliojenga kanisa letu walipokuwa wakija jioni kukata kiu kwake. Wakati ule hakuna aliyeona dhambi. Sasa mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu aliyehamia hapa kutoka mkoa mwingine, alisema kikaoni kwamba Neno la Mungu halisomwi palipo na harufu ya pombe. Niliambiwa na jirani. Yeye mwenyewe usoni kwangu hakuthubutu.

Mimi ningekaa hata miaka kumi bila wao. Mama asingeweza. Ndiye aliyeianzisha jumuiya ile kwa miguu yake, akibisha hodi mlango hadi mlango. Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, na alijifunza kwa sababu ya Biblia tu. Sasa upande wake wa kulia ulikuwa umelala, maneno yanamtoka moja moja, na kila Jumamosi aligeuza uso kuelekea mlangoni akasubiri. Alitaka kitu kimoja kabla hajafa, kusali tena na wenzake. Nilikuwa namwangalia huku damu inanichemka.

Nikasema basi, tutasoma wenyewe. Kila Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, natandika kitambaa cheupe juu ya stuli, naweka msalaba, nawasha mshumaa, kama vile nyumba imejaa watu. Tulisoma jinsi jumuiya inavyosoma. Injili inasomwa, kisha kimya, halafu kila mtu anataja neno lililomgusa, analirudia mara tatu, na baada ya kila mara mnanyamaza. Niseme kweli, nilianza kwa hasira. Nilikuwa nasoma kwa sauti kubwa ili majirani wasikie. Lakini kimya kile hakina adabu, kinakuvua hasira bila kukuomba ruhusa. Mama anapumua, kuku wanaparua uani, komoni inatokota taratibu nyuma ya nyumba, nami nimekaa tu, sina ninachokidai kwa mtu. Nilikuwa na furaha. Mimi mwanamke wa pipa nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata kwenye benchi la mbele kanisani.

Jumamosi moja tukasoma habari ya yule mgonjwa wa kupooza aliyebebwa na watu wanne. Walikuta nyumba imejaa hadi mlangoni, wakapanda juu, wakatoboa dari, wakamshusha mtu wao. Mimi nikachagua neno "mlango," kwa kuwa nilikuwa na kinyongo na milango. Mama alichelewa. Mdomo ulihangaika sana, nikafikiri leo halitoki.

"Wanne," akasema.

Tukanyamaza.

"Wanne."

Mara ya tatu alilisema akinitazama usoni, na macho yake yalikuwa yanacheka. Nikamwelewa. Mama yangu hakuwa anatafakari, alikuwa anaagiza.

Wanne ninao, wateja wangu wa kila siku: mafundi uashi wawili walio ndugu wa tumbo moja, fundi baiskeli, na dereva wa bodaboda ambaye hajakanyaga kanisani tangu kipaimara. Ijumaa nikawapa masharti. Leo hakuna kikombe, na kesho alfajiri mje mmeoga. Fundi baiskeli akauliza, je, tukitimuliwa? Nikamwambia tukitimuliwa tutarudi wiki ijayo. Wakaja, wamechana nywele, mmoja kavaa shati la harusi ya kaka yake. Kiti cha mama tukakifunga mianzi miwili kama machela, akakaa na khanga mpya mabegani, rozari mkono wa kushoto, tukashika barabara. Mwenye duka akatoka kuuliza mgonjwa anapelekwa hospitali gani. Nikamjibu anapelekwa kusali, na kama ana nafasi afuate.

Siku ile jumuiya ilikuwa kwa mwenyekiti mwenyewe. Tuliingia wamenyamaza baada ya Injili, mama akawekwa katikati yao. Wanawake wawili wakaanza kulia, mmoja akapiga magoti kumpa shikamoo. Mwenyekiti akasema, kwa ule upole wa darasani, kwamba mama anakaribishwa sana, ila hao wanaume wanaweza kusubiri nje. Mafundi wakaanza kurudi kinyumenyume. Mama akamshika dereva wa bodaboda shati kwa mkono wake mzima, na hakumwachia. Basi wakakaa, wote wanne.

Mwishoni, kama ilivyo desturi, mwenyekiti akafungua daftari akauliza wiki ijayo tunasali kwa nani. Zamu ilikuwa yetu, na kila mtu mle ndani alijua kwamba itaruka. Mkono mmoja ukapanda, wa kushoto, wenye rozari.

"Kwangu," mama akasema.

Na ni kweli. Pipa ni langu, lakini nyumba ni ya mama, kiwanja ni cha mama, na muda wote tuliorukwa hakuna aliyelikumbuka hilo, hata mimi mwenyewe na mdomo wangu huu. Mwenyekiti akawatazama watu, watu wakamtazama yeye. Akaandika.

Jirani alinishauri nilihamishe pipa kwa siku hiyo moja tu, kwa heshima. Nikakataa. Jumamosi ile nilichochea moto mapema kuliko siku zote. Wakaja wote, wakajaa hadi uani, wengine wakakalia madebe yangu, na wale wanne nikawaweka mbele. Injili ikasomwa, tukanyamaza. Komoni ilisikika ikitokota, na mwenyekiti, aliyekaa karibu nayo kuliko wote, hakuinuka. Zamu ya mama ilipofika, mdomo ukaanza kuhangaika kutafuta neno. Tukamsubiri muda mrefu, na hakuna aliyekuwa na haraka.