Mama Gad Atafuta Nyumba Inayosikia

Mara ya kwanza nilipompeleka Mama Gad kukagua nyumba, nilitamani kujifanya simjui. Muuzaji alikuwa bado anasifia sebule, mwenzangu akatoka nje, akapiga magoti kwenye majani yenye umande wa Julai, akachungulia chini ya sakafu kuona nyumba imekalia nini. Alipoinuka sketi ilikuwa imelowa na uso umechangamka.

"Brigitha, iko na miguu! Miguu ya chuma, mingi. Donc, kwa hiyo, inaweza kutembea?"

Akamgeukia muuzaji na kumuuliza hivyo hivyo kwa Kiingereza chake cha kazini. Yule bwana, mtu wa makamo mwenye tai, alicheka kwa adabu. Akaeleza kwamba nyumba ilijengwa kiwandani ikaletwa na malori mawili, nusu kwa nusu, ikaunganishwa kwa siku moja.

"Siku moja," Mama Gad akarudia. "Kule kwetu tofali peke yake linakaa juani wiki tatu, bado unaliogopea mvua."

Jina lake ni Médiatrice, Mrundi, miaka sitini na miwili. Alikaa miaka kumi na minne katika kambi ya wakimbizi Kigoma kabla ya kuletwa Sydney na mumewe Rénovat na watoto wao wawili, Gad na Keza. Anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee, anaogesha na kulisha watu wanaomzidi miaka ishirini. Mimi ni Mtanzania, mtu wa Songea, nachora ramani za mabomba ya maji katika ofisi moja Parramatta. Tulikutana kwenye kwaya ya Kiswahili. Mimi nina haraka na mdomo mrefu, yeye ana maswali tu. Ana maswali kuhusu kila kitu, mpaka yanachosha, na bado ndiye mtu ninayempenda kuliko wote katika mji huu.

Sasa niseme kwa nini alikuwa anatafuta nyumba, maana kanisani walidhani amechoka kufagia vyumba vinne. Mwaka juzi, asubuhi ya Jumanne, Rénovat alianguka kwenye chumba cha kufulia katika nyumba yao ya Mount Druitt. Mama Gad alikuwa kazini. Aliporudi saa tisa alasiri alimkuta amekwisha kufariki, kopo la sabuni mkononi, na mlango wa mashine ya kufulia umebonyea sehemu sita au saba. Alikuwa anagonga. Daktari alisema huenda aligonga kwa muda mrefu. Nyumba ya jirani iko hatua nane kutoka pale, lakini jirani yuko kazini ghalani anapakia mizigo, na jirani wa pili vilevile, na katikati kuna uzio wa bati mrefu kuliko mtu.

Tangu siku hiyo Mama Gad aliomba zamu zote zilizokosa watu ili asikae ndani ya nyumba ile. Magoti yakaanza kumsumbua. Gad, anayeishi Perth, akatoa amri kama watoto wetu wanavyojua kuamuru: ikifika Krismasi hajapata mahali pa kukaa kwa amani, anakuja kumchukua. Perth ni safari ya saa tano kwa ndege. Kwaya iko huku, kazi iko huku, kaburi la Rénovat liko huku.

Kwa hiyo alichotafuta kilikuwa kimoja. Alitaka nyumba ambayo mtu akigonga ndani, aliye nje atasikia.

Siku ile ya muuzaji mwenye tai, alinituma nikasimame barazani kwa jirani. Akafunga milango na madirisha, akabaki ndani. Nikasubiri. Nilisikia kunguru na gari la taka. Baada ya dakika mbili akafungua mlango akiwa anahema, mwiko wa mapambo mkononi.

"Umesikia?"

"Kusikia nini?"

Muuzaji alifurahi sana. Akatueleza kwamba kuta zimejazwa sufi, vioo vya madirisha ni viwili viwili, hata jirani akipiga ngoma hutajua. Mama Gad akamsikiliza mpaka mwisho, akarudisha mwiko mahali pake.

"Asante," akasema. "Basi hii siitaki."

Masikini yule bwana akauliza kama tatizo ni rangi ya zulia.

Njiani nilimwambia, kwa ujuaji wangu, kwamba amekosea kufikiri nyumba za kiwandani zina kuta nyembamba kuliko za nyumba yake. Hakuamini. Tulipofika Mount Druitt nikamwomba ngazi, nikapanda darini na tochi ya simu, nikamwita naye apande. Akapanda na magoti yake mabovu, maana huyo hawezi kuacha kitu bila kukiona. Nikamulika chini kwenye ukingo wa ukuta: mbao, sufi, ubao wa chokaa, na kwa nje kabisa safu moja ya matofali, imesimama peke yake.

"Nyumba yako ni ya mbao, dada. Matofali imeyavaa kama koti."

Akanyoosha mkono akagusa zile mbao. Kisha akaanza kucheka, tukacheka wote wawili darini, vumbi linaingia mdomoni.

"Miaka yote Rénovat anawaandikia ndugu zake kwamba anakaa ndani ya matofali," akasema, akajifuta macho.

Basi tukajua kwamba kuta karibu zinalingana. Tofauti ilikuwa mambo mengine, na Mama Gad aliyachambua moja moja, kwa miezi miwili, mimi nikiwa dereva. Katika kambi zinakopangwa nyumba za kiwandani, kutoka ukuta mpaka ukuta ni hatua nne. Hakuna uzio. Wakazi ni wastaafu, wanashinda nyumbani. Nyumba ni chumba cha kulala kimoja au viwili, unafagia kabla chai haijapoa. Lakini ardhi si yako. Nyumba unainunua, kiwanja unakikodi, na ipo ofisi langoni yenye sheria zake: mgeni alale siku ngapi, gari likae wapi.

Hapo ndipo Gad alipochachamaa. Tulimweka kwenye spika ya simu, mimi na Mama Gad jikoni, na Keza, bintiye anayesoma chuo Parramatta, akisoma mkataba mstari kwa mstari.

"Mum, listen," Gad akasema. "Nyumba ya hivyo inashuka bei kama gari. It's the land that goes up. You'd own a box on somebody's land."

"Wewe umezaliwa kwenye ardhi ya watu," mama yake akamjibu. "Nyumba tulijenga sisi, kiwanja cha serikali. Ulikufa?"

"No. But they knocked it down, Mum. I was there."

Keza akaacha kusoma. Kambi ilipofungwa nyumba zilibomolewa, wenyewe wakiwa wamesimama nje na mafurushi. Nilijua habari hiyo, lakini sikuwahi kuisikia ikisemwa na mtu aliyekuwa mtoto pale.

Mama Gad akavuta simu karibu na mdomo. "Ni kweli, walibomoa. Na siku ile majirani saba walinisaidia kubeba mlango wangu, wakati nyumba yao pia inabomolewa. Hapa Mount Druitt ardhi ni yangu, Gad. Iko na karatasi. Na baba yako aligonga."

Gad hakusema kitu tena kuhusu bei. Alisema tu kwamba tiketi ya Desemba ameshaikata, na ataitumia kama itabidi.

Alichochagua hatimaye kilinitia hasira. Katika kambi moja, mwendo wa dakika hamsini kutoka Mount Druitt, nyuma ya mstari wa nyumba mpya zenye vioo viwili viwili, kuna mstari wa zamani ambao muuzaji wa pale hakuwa na hamu ya kutuonyesha. Nyumba zenyewe zina miaka thelathini na zaidi, bati limepauka, ngazi inalia ukiikanyaga. Moja ilikuwa inauzwa, mwenyewe amepelekwa kutunzwa. Mama Gad akazunguka mara mbili, akagonga kuta kwa vidole, akauliza choo kinapeleka maji wapi, akauliza nani anakaa upande wa kulia. Akaambiwa ni bibi mmoja, Noelene, na wiki hiyo yuko kwa dada yake.

"Basi tutarudi akiwepo, tujaribu," nikasema.

"Hapana. Kuna mtu mwingine anaitaka. Nanunua."

"Mama Gad! Umezunguka miezi miwili unagonga kuta za watu, halafu hii unainunua bila kujua? Bati jembamba halisikii. Anayesikia ni mtu, na huyo mtu hujamwona. Labda kiziwi. Labda ana roho mbaya."

"Labda," akasema. "Tutaona."

Nilimfokea mpaka kituo cha mafuta. Yeye alitazama dirishani akila karanga.

Alihama mwishoni mwa Oktoba. Kwaya nzima ilikwenda kubeba vitu, na vitu vingi havikuingia, vikagawiwa hapohapo. Nikaenda tena baada ya wiki moja, na baada ya wiki mbili. Nyumba ilikuwa safi, ndogo, na yeye alikuwa ameacha zamu za ziada, magoti yamepata nafuu. Lakini nilipomuuliza habari za majirani alizungusha kijiko kwenye kikombe. Noelene amerudi. Wakikutana anainua kidole kimoja, basi. Wengine vilevile. Kila mtu barazani kwake na maua yake na redio yake.

"Watu wazuri," akasema. "Kimya."

Nikarudi kwangu Lidcombe moyo umeniuma. Mimi mwenyewe nakaa ghorofa ya sita, mwaka wa nne sasa, na sijui jina la mtu aliye nyuma ya ukuta wa kitanda changu. Nilijua jinsi kimya hicho kinavyokaa. Katikati ya Novemba Gad alinipigia, akaniuliza kwa upole, kwa Kiswahili kitupu, kama amsaidie mama kufunga mizigo. Nikamwambia tusubiri kidogo, lakini sikuwa na sababu ya kumpa.

Jumamosi iliyofuata, saa moja na nusu asubuhi, simu yangu ikalia. Alikuwa Mama Gad, na alikuwa analia na kucheka kwa pamoja hata sikumwelewa. Nikaketi kitandani.

"Brigitha! Nimegombezwa!"

"Na nani? Umefanya nini?"

"Natwanga karanga. Kinu kile kikubwa, nimekiweka hapa kati ya jikoni. Mara mlango unapigwa, paa, paa, paa! Nafungua, ni Noelene, iko na nguo ya kulala, nywele zimesimama. Ananifokea, Brigitha! Anasema sakafu yake inatetemeka, vikombe vya marehemu mumewe vinaruka kabatini, mimi ni mwendawazimu gani."

"Ukamwambia nini?"

"Nimesimama na mchi mkononi. Halafu naangalia chini, mdogo wangu, naona hana viatu. Na umande huu. Namuuliza, Noelene, viatu viko wapi?"

Nikasikia sauti ya mwanamke mwingine pale jikoni, ikiuliza kwa Kiingereza sukari iko wapi.

"Anasema hakupata muda wa kuvaa," Mama Gad akasema. "Alidhani nimeanguka."