Tawi Ambalo Sikuliweka

Nimekosa, na kosa langu sina wa kumsingizia. Si shetani, si shida, si mume. Ni mimi na mkono wangu huu wa kulia. Jina langu niachieni tu. Huku Endebess tunajuana sana, na mama yangu bado anaenda kanisani.

Nilikuwa mkimbiaji. Si wa uwanjani. Mimi nilikuwa wa msituni, wa kupanda na kushuka Mlima Elgon tangu asubuhi mpaka magoti yakatae.

Njia zetu zilikuwa barabara za zamani za malori ya magogo. Baba yangu alikuwa taniboi, msaidizi wa dereva, kwenye malori hayo enzi za kiwanda cha mbao huko juu. Walimaliza miti ya asili, wakapanda saiprasi, kisha kiwanda chenyewe kikafa. Barabara zikabaki, nyingine zinakufikisha, nyingine zinakupeleka tu na kukuacha huko.

Ndiyo maana baba alitufundisha sheria ya mataniboi. Ukifika njiapanda na unajua njia moja ni mbaya, vunja tawi ulilaze katikati ya hiyo njia. Anayekuja nyuma akiona tawi, hapiti. Asipoona tawi, anajua njia ni nzuri na anapita bila kuuliza.

Sheria hiyo nilimfundisha rafiki yangu wa mbio. Nitamwita Nasimiyu, ingawa si jina lake. Alizaliwa Bungoma, karibu na reli, mahali tambarare, akaolewa huku kwetu. Msitu hakuujua hata kidogo, lakini miguu, ee Mungu wangu, miguu alikuwa nayo! Kila zoezi mimi natangulia na kufunga njia mbaya kwa matawi, yeye anafuata.

Nilikuwa namtania. "Wewe bila mimi ungekimbia mpaka Uganda."

Naye hucheka. "Si uko, dada? Sasa wasiwasi ni ya nini?"

Halafu kocha mmoja wa Kitale akapata nafasi ya mwanamke mmoja kwenda mbio za milimani ng'ambo. Mmoja tu! Akatuita sisi wawili. Tutaanzia ukingo wa msitu upande wa Endebess, tuvuke mpaka upande wa Kapsokwony, ambako atatungoja na pikipiki. Atakayetangulia ndiye atakayesafiri.

Niseme ukweli, nilikuwa nimechoka hata kabla ya siku hiyo. Nasimiyu ni mdogo kwangu. Mimi magoti yalikuwa yameanza kuniaga, na nilijua nafasi nyingine kama hiyo haitakuja tena. Nilikuwa naijua njia, yeye alikuwa na nguvu, basi nikatangulia kama kawaida.

Chini ya kiwanda kilichokufa kuna njiapanda, katikati ya saiprasi tupu pande zote. Kushoto ni barabara pana, safi, inashuka mpaka daraja la magogo lililooza. Kulia ni kinjia chembamba cha kupanda, kimejaa vichaka, na hicho ndicho cha kweli. Mgeni yeyote atashika kushoto.

Tawi nililivunja. Naapa nililivunja! Nilikuwa nalo mkononi, utomvu umenishika vidoleni. Ndipo nikasikia viatu vyake nyuma ya kona, karibu kuliko siku zote, na pumzi yake bado nzima. Yangu ilikuwa imeisha zamani.

Nikalitupa tawi vichakani, nikashika kulia.

Ole wangu! Sikumdanganya kwa neno hata moja. Lakini kwetu njia isiyo na tawi ni sawa na kumwambia mwenzako, pita.

Nilipofika, kocha akanipongeza, kisha akatazama nyuma yangu.

"Mwenzako ako wapi?"

"Nilimwacha mbali sana," nikasema. "Nadhani alichoka akarudi."

Basi tukakaa. Nikanywa chai. Nikala na mandazi! Mvua ya mlimani ikaanza kumwagika, nami nipo chini ya paa nimejifunika shuka, najiambia ataona daraja limeoza, atageuka, atanikuta hapa na kunitukana kidogo, yaishe.

Hakuliona. Mvua ilipokatika walikuja wafugaji wanaolisha ng'ombe msituni. Walikuwa na punda, na juu ya punda ni Nasimiyu, mguu umefungwa kwa fito na kamba, midomo imekuwa ya majivu. Magogo ya daraja yalikuwa yamevunjika naye. Walimkuta kwenye mawe ya kijito, akiita jina langu.

Hospitalini Kitale, wanawake wenzetu wa mazoezi walinizunguka kando ya kitanda. Wao pia walifundishwa na mimi sheria ya tawi.

"Wewe, hebu sema. Njia ulifunga ama hukufunga?"

Kabla sijajibu, Nasimiyu akainua kichwa pale kitandani. "Alifunga. Huyu hawezi kuniacha, bana. Ni ng'ombe zilikula tawi. Si mnajua vile ng'ombe zimejaa huko?"

Wakatulia. Mmoja hata akaniomba msamaha. Nami nikanyamaza, na hapo ndipo nilipokosa mara ya pili.

Ng'ambo nilienda. Nilikimbia kama mtu aliyebebeshwa gunia la mahindi, nikafika nyuma ya watu wote, nikarudi, nikavitundika viatu na sijavigusa tena. Mguu wa Nasimiyu uliunga vibaya. Alirudi kwao Bungoma, na sasa anauza mboga sokoni. Akiinuka hushika meza kwanza.

Huwa naenda kumwona. Nabeba maziwa, nabeba mahindi, kana kwamba maziwa yananyoosha mfupa! Naye kila mara anawaonyesha wateja: "Huyu ndiye dada yangu wa msitu."

Juzi mteja mmoja alimuuliza kuhusu mguu, akasimulia tena hadithi ya ng'ombe, nami nikatazama chini kama kawaida yangu. Mteja alipoondoka, Nasimiyu akaendelea kufunga mafungu ya sukuma wiki bila kuinua macho.

"Dada, nikuulize. Pale njiapanda si ilikuwa saiprasi tupu?"

"Ndiyo."

"Mimi nimechunga ng'ombe tangu nikiwa mtoto. Sijaona ng'ombe ya kukula saiprasi."

Nikaanza kupanga mboga zake zilizokuwa zimepangwa tayari.

"Wale wamama walikuwa karibu wakukule mzima," akasema polepole. "Nikaona heri niwapatie ng'ombe. Nikasema, dada atakuja aniambie mwenyewe."

Akaweka fungu la sukuma chini, akanitazama, akangoja.

Na mimi, jamani, mimi niliyekuwa na miaka yote hii ya kujipanga, nilisema nini? Nilisema, "Naona mvua inakuja. Wacha niende kabla haijanipata."

Jua lilikuwa linawaka! Alinifungia ndizi kwenye karatasi. "Haya. Salimia watoto."

Ndizi zile watoto walikula, mimi sikuweza kuonja.

Nawaandikia nyinyi msionijua kwa sababu ni rahisi, na nimechoka kuchagua yaliyo rahisi. Kesho nashuka Bungoma, bila maziwa, bila mahindi. Nitaketi mbele ya ile meza na kuyatamka. Akinifukuza, sawa. Akilia, nitakaa hapo nimsikie.

Nawe unayesoma, kama kuna mtu anakufuata kwa kukuamini, mwekee tawi, hata kama atakupita mbele. Na kama hukuliweka, kaseme leo. Usimwache yule uliyemuumiza atafute ng'ombe wa kukusitiri.