Sahani ya Mama kwa Mnaijeria

Kwa nini mama hakuonja hata tonge moja? Nilitoka na swali hilo mezani Jumapili ile, na kwa kuwa sikuwa na jibu, nilijitungia langu.

Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka uliotangulia, na nilihoji kila kitu: sadaka, mahari, hata kwa nini wanaume wapakuliwe kwanza. Nilipotaka kumtambulisha nyumbani mwenzangu, kijana aliyetaka kunioa, shangazi alisema nimwachie yeye, ndiyo kazi yake, halafu washenga waje. Niliona ni kuzungushana tu. Nikampeleka mama mimi mwenyewe, akakutane naye mgahawani.

Mgahawa niliuchagua kwa makusudi. Misimu miwili nyuma ng'ombe wa wafugaji wa Kisukuma waliingia shambani kwetu Idete wakati mpunga unachanua, na mama alivuna mabaki. Mwenzangu ni Msukuma, mtoto wa mfugaji. Ng'ombe wale hawakuwa wa kwao, lakini nani angeuliza? Sikutaka ugali wa kwao wala wali wa kwetu. Kwenye njia ya Lumemo kulikuwa na mama wa Kinaijeria aliyeolewa hapa Ifakara, anapika vya kwao. Nikaona mezani pale hakuna atakayekuwa mwenyeji.

Mwenzangu alitukuta tumeshakaa. Akainama. "Shikamoo mama."

"Marahaba," mama alijibu, macho mezani. Kisha akakigeuza kiti chake hadi akawa anatazama mlango wa jikoni, akavuta kitenge begani. Masikio yakaanza kuniwaka.

Mwenye mgahawa alileta eba, bonge la unga wa muhogo linaloliwa kama ugali, na mchuzi mzito wa mbegu zilizosagwa, umejaa nyama.

"Tonge unameza, hutafuni," alitufundisha. "Mume wangu siku ya kwanza alitafuna, akalia pilipili mpaka majirani wakaja kumpa pole. Na nyama hii ni ya ng'ombe wa Wasukuma. Tamu sana."

"Na wao waliuona mpunga wetu mtamu," mama akamwambia.

Alicheka mwenye mgahawa peke yake, maana hakujua. Mwenzangu alikuwa ameshanawa, akaurudisha mkono chini ya meza na kuninong'oneza, "Kweli nile mbele yake?"

"Kula. Hapendi mtu anayechezea chakula."

Akala. Alikula kama mtu aliye kwenye chumba cha mtihani, jasho la pilipili likimtiririka shingoni, na kwa kila tonge lake mimi nilimwangalia mama. Sahani yake ilikaa vilevile, mchuzi ukianza kufanya utando juu.

"Mama, onja basi."

"Nimeshiba."

Tangu asubuhi, kabla ya misa, alikuwa amekunywa chai ya rangi tu.

"Mama, karibu tule," mwenzangu akajaribu.

"Mwambie ale, asinisubiri," mama aliniambia mimi, na yule mtu yuko hatua mbili kutoka kwake.

Hata maji hakunywa. Mwenye mgahawa akaja kusimama mbele yetu, mikono kiunoni. "Mama, chakula changu kibaya?"

"Hapana, mwanangu. Kinanukia vizuri."

"Basi nakufungia. Hutoki hapa mikono mitupu."

Kwenye bajaji kifurushi kilikuwa mapajani kwake. Nilimwambia amemdhalilisha mtu kwa makosa ya ng'ombe asiowajua. Nilimwambia na mengine ambayo sipendi kuyakumbuka. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Nimefanya ninavyopaswa," akasema. "Mengine kamuulize shangazi yako."

"Sihitaji mtu wa katikati ili niongee na mama yangu."

Alishuka kwa shangazi na kifurushi chake, na mimi nikaendelea hadi nyumbani nikiwaza kwamba mbwa wa shangazi watakula vizuri leo.

Jioni nikampigia mwenzangu. "Mama amekukataa."

"Amesema kwa mdomo wake?"

"Ulitaka aseme vipi tena?"

Aliendelea kupiga simu kwa wiki kadhaa, nami nikawa namjibu kwa mkato, kwa aibu zaidi kuliko hasira. Kabla ya mavuno alipata kazi kwenye mashamba ya miti Uchindile. Baadaye nikasikia ameoa. Mama na mimi hatukuitaja tena Jumapili ile, na kwa shangazi sikwenda kuuliza.

Miaka ikapita, mdogo wangu wa kike akaolewa. Siku ya kumkaribisha mkwe nilikuwa napeleka sahani ya mama sebuleni, shangazi akanishika mkono mlangoni.

"Unaipeleka wapi? Mama mkwe hali mbele ya mkwe wake, wala hamtazami usoni. Akila mbele yake, ndiyo kusema hamhesabu kuwa mkwe. Na mambo hayo mama hamwambii binti yake. Sisi mashangazi ndio tunaosema."

Nilibaki pale na sahani mkononi. Kisha, kwa mara ya kwanza, nikamuuliza kuhusu kile kifurushi.

"Ule mchuzi wa Mnaijeria?" Shangazi akacheka. "Tuliula wote uani, machozi yakitutoka kwa pilipili. Mama yako alikuwa na njaa, alilamba hata mfuko. Akaniambia nifagie uwanja vizuri, washenga wanakuja. Tuliwasubiri mpaka mpunga ukavunwa."