Sura Moja Kabla ya Mwisho

Raihana wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, alikuwa msusi, na mtu asikudanganye kwamba alikuwa msusi hodari. Mistari yake ilipinda. Wako wanawake waliotoka kwake njia ya katikati ikiwa imeelekea sikioni. Lakini walirudi, tena mapema, kwa sababu Raihana alisuka huku akisimulia riwaya za mapenzi, na nywele zikiisha, hadithi nayo ilisimama papo hapo, hata kama mwanaume ndiyo kwanza ameshika kitasa cha mlango. Anayetaka kujua nani yuko ndani, arudi na nywele timutimu. Watu wazima na akili zao wakaanza kufumua misuko ya juzi. Waume walinung'unika, kisha wakauliza, "Halafu ikakuwa je?"

Riwaya zenyewe alizipata kwa Hyacinthe, muuza vikuukuu wa Bwiza, sanduku zima lililoachwa na mama mmoja wa Kizungu aliyekimbilia uwanja wa ndege vita vilipoanza. Zilikuwa za Kifaransa, na juu ya kila jalada watu walikuwa wamekumbatiana, kwa hiyo Raihana alizivisha magazeti na kuziweka chini ya mkeka. Kifaransa alikijua. Alisoma kwa masista mpaka siku aliyotoroka na dereva wa lori kwenda Uvira, ng'ambo ya Kongo, kwa kuwa moyo ulimwambia ndiye. Moyo ulikosea. Dereva alikuwa na mke Bukavu na mwingine Kalemie, na Raihana alirudi kwa shangazi yake Fatouma na talaka mkononi. Tangu hapo mapenzi aliyaonja vitabuni tu, kama mgonjwa wa vidonda vya tumbo anayenusa pilau ya jirani.

Wala hakusoma kama ilivyoandikwa. Mdomoni mwake daktari wa Paris alikula samaki mukeke wa kuchoma, na mama mkwe wa Ubelgiji alifukiza udi. Bunduki zikilia upande wa milimani, vidole vyake vilisimama, kila mmoja akajiuliza watu wake wako wapi saa hiyo. Daphrose, muuza ndagala, dagaa wa ziwani, aliyekimbia mtaa wa Kinama nyumba yake ilipochomwa, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema, "Endelea, dada. Na yule dokta?" Raihana akapandisha sauti juu ya milio ile na kuendelea. Walizipenda hadithi zile kwa dhati, kwa kuwa ndani yake aliyekufa alikuwa mjomba tajiri tu.

Nyuma ya uzio wa mabati palikuwa na gereji. Miaka mingine nyundo zingeizima sauti ya Raihana, lakini ilikuwa miaka ya vikwazo. Nchi jirani zilikuwa zimefunga mipaka, petroli iliuzwa kwa chupa kama dawa ya kikohozi, na magari yalilala. Mafundi nao walikaa wameegemea mabati, masikio wazi. Mmoja wao, Shakuru, fundi wa injini ambaye hajawahi kuoa, hakuweza kusikiliza kimya. Asiporidhika aligonga mabati kwa spana.

"Apana, Raihana! Huyo musichana ni mujinga. Mutu amemudanganya mara mbili, anamurudilia ya nini?"

"We Shakuru, nani amekuita mu kitabu?"

"Kitabu ndiyo kinanifuata huku!"

Raihana alimtukana kila siku, na siku spana isipogonga, chai haikumpita kooni.

Ndipo Thabit Sami akaingia. Huyu alikuwa mwenye duka la vitenge, wa ukoo wa Waarabu wa Oman waliokaa Bujumbura tangu enzi za mababu, aliyefiwa na mke, mpole, mwenye kusalimia mpaka paka. Alimtuma shangazi yake, Bi Miza, aje kupima maji kabla ya posa. Fatouma aliruka kwa furaha.

"Safari ile ulijichagulia mwenyewe, tukaona," alimwambia Raihana. "Sasa acha wenye macho wachague."

Raihana aliendelea kuchana kichwa kilichokuwa mbele yake. Aibu ya Uvira ilikuwa bado inamchoma, na angemwambiaje shangazi kwamba moyo uleule mwongo sasa umeangukia nyuma ya mabati?

Akabuni hadithi. Alishika kitabu juu chini na kusimulia habari za Béatrice, muuguzi wa Lyon, aliyependwa na wanaume wawili, mmoja mwenye duka la nguo, mwingine fundi wa matrakta. Béatrice ni nani hasa? Buyenzi nzima ilijua, isipokuwa Raihana aliyedhani hawajui. Wanawake walibishana, na wengi wakamchagulia mwenye duka.

"Trakta hailiwi," alisema Daphrose.

Raihana akapaza sauti kuelekea uzioni. "Na fundi wa trakta, yeye anasema je?"

Kimya. Hata pigo moja la spana. Kesho yake vilevile, na kesho kutwa. Chini ya mabati aliziona kandambili za Shakuru, zipo, hazitikisiki. Raihana aliumia kweli, akamsuka Daphrose kichwa kizima huku machozi yanamdondoka. Mwisho akajiambia kwamba limekwisha kuandikwa, ni Thabit. Ukishasema limeandikwa, huna haja ya kuchagua tena.

Ijumaa baada ya alasiri wakaja kuposa: Bi Miza, wazee wa ukoo, na Mwalimu Radjabu wa madrasa. Walikaa barazani, uani watu wakajaa. Uthmani, mjomba wake Raihana, akauliza, "Mwanangu, Thabit anakuposa. Unasema je?"

Raihana aliinamisha kichwa. 

"Amenyamaza!" Fatouma alidakia. "Kunyamaza ni kukubali!" Akapiga kigelegele, na jirani akakipokea.

Mwalimu Radjabu akainua mkono. "Polepole, mama. Hiyo ni ya mwali. Huyu ameisha olewa. Yeye lazima aseme kwa kinywa chake."

Kigelegele kikafia njiani. Tangu azaliwe, hakuna mtu Buyenzi aliyewahi kumlazimisha Raihana aseme. Akaanza kusuka ncha ya mtandio wake.

Bi Miza alimtazama. Alikuwa amesukwa pale mara mbili, akijidai kapita kusalimia tu.

"Mwanangu," alisema, "Béatrice ye alijibu nini?"

Uso wa Raihana ukawaka. "Hajajibu, Bi mkubwa. Anangoja fundi agonge."

"Basi kamuulize."

Raihana akainuka, akavuka ua mbele ya wazee wote, akayapiga mabati kwa kiganja. "Shakuru! We umegongea wajinga wote wa Ulaya, siku yangu umekosa spana?"

Kandambili zikasogea.

"Spana iko," Shakuru alisema taratibu. "Lakini mi nimesikiliza vitabu vyako vyote, Raihana. Sura moja kabla ya mwisho, mwanaume mwenye kupendwa ananyamaza. Ananyamaza mpaka musichana anakuja mwenyewe. Mwenye kusemasema anakosa. Nikasema mi sitakosa."

Ua mzima ukacheka, isipokuwa Raihana. Alichosema Shakuru kilikuwa kweli tupu. Vitabuni ukimya huo ulikuwa wa ukurasa mmoja. Yeye ndiye aliyeuvuta ukawa wa wiki nzima, ili vichwa virudi.

"Mujinga we! Ningeolewa!"

"Nilishaanza kuogopa," Shakuru alisema.

Raihana akawageukia wazee. "Bwana Thabit hajanikosea kitu, na ninamuomba radhi. Jibu langu kwake ni apana. Nimechagua mi mwenyewe. Nikikosea tena, nitakuwa nimekosea mi."

Fatouma akakaa chini bila kuangalia kama pana kiti. Bi Miza alijitanda mtandio wake vizuri, akasimama.

"Afazali kukataliwa mapema," alisema. "Lakini Jumatatu ninakuja kusukwa, uniambie mwenye duka alipata nani. Umutafutie mutu muzuri."

Siku ya nikahi, Mwalimu Radjabu alisimama mlangoni, akamuuliza bibi harusi kama ameridhia kuolewa na Shakuru. Raihana akanong'ona kitu ndani ya shela.

"Sauti!" mafundi wakapiga kelele nyuma ya mabati. "Huku hatusikii!"

Akasema tena, kwa sauti ile aliyoipandisha bunduki zilipolia milimani, na mtaa mzima ukasikia.