Nilimwambia afisa "mwakani tunarudi kwetu", mtoto akanyimwa ada ya wakaazi wa Virginia

Wakuu, hamjambo? Bibi yenu naandika kwa kidole kimoja, herufi zikipotea mnisamehe. Haya yamenifika mwenyewe, sitii chumvi hata punje.

Miaka ya themanini tulikuwa Annandale, Virginia. Mume wangu dereva teksi, miye natandika vitanda hotelini. Greenkadi tunazo. Mwanangu Zuhura kamaliza high school, kapata chuo kikuu cha serikali.

Sasa vyuo hivyo vina bei mbili. Mkaazi wa jimbo analipa in-state, nafuu. Mgeni analipa mpaka macho yamtoke. Ya mgeni sisi hatuiwezi kabisa. Zuhura akikosa in-state, hasomi.

Tukaitwa ofisini pale chuoni, miye na yeye. Shule sikuiona, basi Zuhura ndiye mkalimani wangu. Mama wa ofisini kauliza: mnakusudia kubaki Virginia?

Wee! Swali hilo Kiingereza chake nakijua, hotelini naulizwa kila siku. Zuhura hajafungua mdomo, miye nishajibu kwa tabasamu: "No no, next year we go home. Mombasa!"

Mama yule akaandika.

Watu wa pwani mnanielewa. Ukisema umehama moja kwa moja ni kama umemkana mama aliyekuzaa. Miaka kumi tunasema mwakani. Makochi hata nailoni ya dukani hatujayavua, ati tutayauza tukiondoka!

Barua ikaja: wamekataa, hatuna nia ya kukaa. Ila tunaweza kukata rufaa.

Zuhura hakula. "Mom, you and your next year!"

Mume wangu akasema, "Mke wangu, ulimi huo ungekatiwa leseni." Nikacheka, kisha nikalia.

Nikafungua sanduku la makaratasi. Kodi za mapato, leseni ya gari, mkataba wa nyumba. Na chini kabisa, karatasi ya jamaa zetu wa msikitini.

Siku ya rufaa nikaiweka mezani mbele ya mzee mmoja wa tai. Nikamwambia Zuhura, "Tafsiri, usipunguze."

"Baba, kurudi nasema kila mwaka, ndiyo adabu yetu. Lakini hii ni ya makaburi. Mawili, langu na la mume wangu, hapa hapa Virginia. Tumeshalipa. La upande wa kivuli ni langu."

Zuhura akaona haya, lakini akatafsiri.

Mzee akavua miwani. "Mumeo kakubali la juani?"

"Hajaambiwa."

Alicheka mpaka akakohoa. Akachukua makaratasi yote, akayasoma moja moja. Wiki mbili, barua: Zuhura ni mkaazi.

Kasoma, kamaliza, leo mwalimu wa hesabu mji wa Bowie, jimbo la jirani.

Nilichojifunza wakuu: afisa akikuuliza nia, weka adabu ya kwenu mfukoni, mjibu vile unavyoishi. Miye nilikuwa nishahama zamani, nilikuwa naona haya kujiambia.

Haya, na nyie mlioko huku semeni kweli: makochi mmeshayavua nailoni?