Mashine Isiyonguruma

Kuna watu wanaoamini kwamba kazi ni kelele. Meneja wa ghala la ushirika nililofanyia kazi Kitale, mwanzoni mwa miaka ya tisini, alikuwa mmoja wao, na sijamsamehe.

Tulikuwa na kompyuta moja, na rekodi za wanachama wote zilihifadhiwa kwenye diski yake. Mkulima akitaja jina, programu iliisoma diski kuanzia mwanachama wa kwanza hadi wa mwisho. Diski ikinguruma kama kinu cha posho, foleni ikifika barabarani, meneja alitabasamu. "Mnasikia? Inafanya kazi."

Isitoshe, wanachama wengi walitoka kwetu Bungoma, ambako l na r ni ndugu. Mtu hutamka hii, karani akaandika ile. Jina lisipopatikana kwa l, diski nzima ilisomwa upya kwa r. Upuuzi mtupu!

Nikatengeneza faharasa: majina peke yake, na mahali kila mwanachama alipo kwenye diski, l na r zikihesabiwa herufi moja. Kila asubuhi faharasa hiyo iliingia kwenye memori ya kompyuta, ikakaa humo kutwa. Ukiuliza jina, mashine ilikwenda moja kwa moja kwa mwenyewe, ikagusa diski mara moja tu. Kimya.

Siku niliyoianzisha, alikuja mama mjane kutoka Tongaren kuchukua mbegu, mvua zimeshaanza. Kutaja jina tu, huyo kwenye skrini, na shamba lake.

"Mbona hailii?" meneja akauliza. "Ati imesoma saa ngapi? Hiyo imebahatisha, bana. Rudisha ile ya zamani."

Nilibisha hadi akanisukuma kando. Akairudisha mwenyewe, akaliandika jina kwa l kama mama alivyolitamka. Diski ikanguruma weee. Hayupo.

"Jaribu r, mzee," nikamsihi.

"Mtu ana jina moja. Na mashine imesoma yote, si umesikia?"

Yule mama alitutazama kwa zamu, mimi, meneja, kompyuta.

"Mimi si niko hapa mbere yenu?" akasema. "Sasa hiyo mashini inanitafuta wapi?"

Meneja aliita mtu aliyefuata kwenye foleni.  Mama alikunja gunia lake tupu akarudi Tongaren, akapande, badala ya mbegu, yale mahindi aliyokuwa ameyaweka yawe chakula cha watoto.